Andika Kile Unachokijua Peke Yako
Maneno kuhusu wosia, yaliyosemwa kwenye mkutano wa kuvunja mwaka wa kikundi cha kuweka na kukopa, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, mweka hazina, wazee wetu, mama zangu, kaka na dada zangu. Wanaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za asubuhi.

Mmeniomba niseme kidogo kabla sanduku halijafunguliwa. Najua macho yako kwenye sanduku, na ni haki yenu, maana mwaka mzima mmejinyima ili mfike leo. Basi na mimi nianzie hapo hapo. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Kila mmoja wenu ana kitabu, na kila hisa imegongwa muhuri. Nikiwa nasubiri pale nje, mama mmoja alinionyesha kitabu chake. Ukurasa wa kwanza ameandika jina la mtu atakayechukua hisa zake akifariki, jina kamili, na namba ya simu. Nikamwuliza, mama, na ile nyumba unayoishi, umeandika? Akanyamaza.

Naomba anyooshe mkono mwenye nyumba, kiwanja au shamba, ambaye ameshaandika wosia.

Mikono minne. Na humu ndani tunazidi 60.

Simlaumu mtu. Nimefanya kazi ya ukarani katika mahakama ya mwanzo miaka 22, mafaili ya mirathi yamepita mikononi mwangu kila wiki, na bado wosia wangu mwenyewe niliuandika mwaka wa 17 wa kazi ile. Tumelelewa kuamini kwamba kukitaja kifo ni uchuro, kwamba anayeandika wosia anakiita. Wengi niliowaona kwenye yale mafaili hawakukiita, na kilikuja. Kwa hiyo leo sitabishana na uchuro. Nitasema kuhusu kinachopaswa kuandikwa kwenye ile karatasi, kwa sababu karatasi nyingi nilizozipokea mezani zilikuwa zimeandikwa, na hazikumsaidia mtu.

Nianze na moja. Jina silitaji wala mtaa siutaji, ila maneno yake nayakumbuka. Ilikuwa karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Marehemu alikuwa na kiwanja kimoja chenye nyumba mbili, ya mbele wanayoishi na ya uani yenye vyumba vinne vya kupangisha. Akaandika: "Nyumba ya mbele ni ya watoto wote. Nyumba ya uani ni ya mama."

Mama yupi? Mama yake mzazi alikuwa hai, alikuwa akiishi naye pale pale. Na mke wake, kama walivyo wanaume wengi hapa, alikuwa akimwita "mama" tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Kila mtu mtaani alijua hivyo. Mzee wa watu alipoishika kalamu alijua kabisa anamsema nani, halikumpitia kichwani kwamba kuna wa kuuliza. Lakini yeye ndiye pekee aliyelijua jibu, na alikuwa ameshazikwa. Mkwe na mkamwana waliokuwa wakipika jiko moja miaka 19 walikaa mabenchi mawili mbele ya hakimu, mmoja upande wa dirisha, mwingine upande wa mlango. Hakuna aliyekuwa mwongo. Kila mmoja aliamini kwa moyo wake wote kwamba mama ni yeye.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza aandike nini kwenye wosia, namwambia jambo moja: andika kile ambacho unakijua wewe peke yako. Kwamba nyumba ipo, kila mtu anaiona. Wasichokijua ni kwamba choo cha nje kiko kwenye kiwanja cha jirani na mlikubaliana kwa mdomo, au kwamba hati iko kwa kaka yako Morogoro tangu ulipoiweka dhamana. Siku ukiondoka, elimu hiyo yote inaondoka na wewe, isipokuwa iwe kwenye karatasi.

Kwa hiyo anza na majina. Jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, na kama kiwanja kilinunuliwa kwa jina lingine, au mtaani unaitwa Baba fulani, liandike na hilo, useme ni mtu mmoja. Andika dini yako na unapoishi. Andika mke au wake, mume, ndoa ilifungwa wapi na mwaka gani. Halafu watoto, mmoja mmoja, jina kamili na mwaka wa kuzaliwa. Wote. Nasema wote, na mnanielewa. Mtoto uliyezaa kabla ya ndoa, au nje ya ndoa, atakuja msibani. Atakuja amebeba picha, au cheti cha kliniki, na atasimama mbele ya watu wanaolia aanze kujieleza yeye ni nani. Nimewaona vijana wa namna hiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake kwa kiasi kinachostahili, lakini kabla ya kufika kwenye sheria, mtoto yule anahitaji baba yake awe amelitaja jina lake japo mara moja. Mtaje. Mke akijua leo mkiwa hai wote wawili, mtagombana mtamaliza. Akijua siku ya arobaini, hana wa kugombana naye zaidi ya mtoto.

Baada ya watu, mali. Hapa mtaniwia radhi nikikaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo na mimi nilipoumia.

Baba yangu alikuwa na shamba la michungwa Muheza. Aliandika, Mungu amrehemu, tena aliandika vizuri kuliko wengi: shamba la chini ni la dada yako mkubwa, "kuanzia kwenye mwembe mpaka mfereji". Mwembe ule ulikuwa mkubwa, tumeucheza chini yake sote. Mwaka uliofuata baada ya mazishi, mwembe ukakatwa ukachomwa mkaa. Nani aliukata sitasema hapa. Ila dada yangu alipokwenda kupima, mwembe ukawa umehamia hatua 40 ndani ya shamba lake, na kila mzee aliyeulizwa alikuwa na mwembe wake kichwani. Basi shamba litaje kwa majirani wa pande zote nne, kwa majina yao. Kama limepimwa, andika namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati. Kama una hati ya kimila kutoka kijijini, namba yake. Kama ulichonacho ni leseni ya makazi, au ile karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, sema hivyo, na sema karatasi iko wapi: kabati gani, kwa nani, benki gani. Nyumba isiyo na karatasi inayojulikana ilipo ndiyo inayouzwa kabla matanga hayajaisha.

Mengine nayapitia haraka. Akaunti za benki, jina la benki na tawi. Namba za simu zenye fedha, lakini namba ya siri usiiandike kamwe; msimamizi atakayeteuliwa na mahakama atafuata utaratibu kwenye kampuni ya simu. Hisa za ushirika na za kikundi hiki. Vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama unavyo. Gari, pikipiki, cherehani, mashine ya kusaga, ng'ombe. Mafao ya kazini yana fomu zake, nenda ukahakikishe jina ulilojaza mwaka ule ulipoajiriwa bado ndilo unalolitaka, maana wengine mmeandika wazazi ambao wameshatangulia.

Na madeni. Andika unaowadai na wanaokudai. Watu wanaona aibu kuandika deni kwenye wosia, kana kwamba linachafua karatasi. Lakini kwa dini na kwa serikali, gharama za mazishi na madeni hutolewa kwanza, ndipo warithi wafuate. Usipoyaandika, watakuja watu msibani na madeni ambayo hukuyakopa, na familia haitakuwa na la kuwajibu. Na yule uliyemkopesha milioni mbili bila maandishi atakuja kutoa pole, atakula ubwabwa, atakwenda zake.

Sasa, kipo usichoweza kukiandika. Huwezi kumpa mtu kisicho chako. Shamba la ukoo ulilokabidhiwa kulisimamia si lako peke yako. Na nyumba mliyojenga na mkeo, sehemu yake si yako. Wanaume wenzetu husema, mke wangu ni mama wa nyumbani, alichangia nini? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka, ndiyo, lakini aliyepika, aliyelea na aliyebana matumizi mpaka tofali zikanunuliwa, ndiye huyo huyo awe mtalaka au mjane.

Kwa Waislamu nadhani mnajua, ila nikumbushe. Wasia mwisho wake ni theluthi moja ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na Saad bin Abi Waqqas alisema theluthi, na hiyo theluthi ni nyingi. Na mrithi haumwandikii wasia, isipokuwa warithi wengine wakubali baada yako. Kwa hiyo ile theluthi ni ya nani? Ni ya mtoto uliyemlea ambaye hukumzaa. Ni ya mjukuu ambaye baba yake alitangulia mbele yako, na kwa hiyo ami zake wakamzuia. Ni ya msikiti, madrasa, jirani aliyekuuguza. Nimeona wajukuu yatima wakitoka kwenye nyumba ya babu yao mikono mitupu, wakati babu alikuwa na theluthi nzima mkononi na hakuitumia. Hili liwaumize kidogo, mlifanyie kazi.

Nije kwenye jambo linaloangusha wosia nyingi kuliko yote, mashahidi, na mashahidi wanategemea sheria unayoifuata. Tanzania Bara tuna sheria tatu za mirathi zinazotembea pamoja: ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963, ya Kiislamu, na ile ya serikali iliyotoka India, ya mwaka 1865. Ukifa bila kusema unafuata ipi, mahakama itaanza kuchunguza maisha yako, ulivyooa, ulivyozika, ulivyoishi, ili ikuamulie. Afadhali uamue mwenyewe. Andika sentensi moja: nataka mirathi yangu isimamiwe kwa sheria fulani.

Sentensi hiyo si mapambo. Kwa sheria ya kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja baki, yaani asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma, mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili baki, na yeye aweke dole gumba. Wosia wa mdomo nao ni wanne. Mrithi hawi shahidi. Ila mke, au wake, waliopo nyumbani lazima washuhudie, na mkisahau hilo mmeharibu kazi yote. Iandikwe kwa wino usiofutika, si penseli, iwe na tarehe, na iseme kwamba una akili timamu na umeandika kwa hiari.

Lakini ukifuata ile ya serikali, mambo yanageuka. Mashahidi ni wawili wanaokuona ukisaini, na shahidi aliyeachiwa kitu humo, au ambaye mwenzi wake ameachiwa, kitu hicho kinampotea. Mnaona hatari iliyopo? Mke yule yule ambaye kwa mila ni lazima asaini, kwa sheria hii akisaini amejinyang'anya nyumba kwa kalamu yake. Na kwa sheria hii, ukioa au ukiolewa baada ya kuandika, wosia ule umefutika, inabidi uandike upya. Watu wanachukua mfano wa wosia kutoka kwa rafiki, wananakili, bila kujua rafiki anafuata sheria nyingine.

Mtu ataniuliza, na nisipoandika kabisa itakuwaje? Kwa kanuni za kimila za 1963, mume akifa bila wosia mjane hana fungu lake. Fungu lake, wameandika, ni kutunzwa na watoto wake. Mtoto wa kike yuko daraja la tatu katika kurithi. Wajane wawili kutoka mkoa wa Shinyanga, waliotolewa kwenye nyumba zao na watoto wadogo, walizipeleka kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba zinabagua, lakini haikuzifuta. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao. Ni miaka mingapi hiyo ya kwenda na kurudi? Waume zao wangeweza kuwapunguzia safari yote hiyo kwa jioni moja, kalamu na mashahidi.

Na upande wa pili kuna Holaria Pastory, mama wa Muleba, Kagera. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Mwaka 1988 akiwa mzee, hana wa kumtunza, akaliuza shilingi 300,000. Mpwa wake akashitaki, kwamba mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampa mpwa ushindi. Ilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema kanuni ile inapingana na katiba, mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Wanasheria wanaisimulia kwa ajili ya jaji. Mimi naikumbuka kwa ajili ya yule baba Mhaya, ambaye miaka ile, kwa mila zile, alikaa chini akaandika jina la binti yake.

Mama zangu, msikae mkidhani haya ni ya waume zenu. Mwanamke mwenye kibanda, dhahabu, mashine mbili za kushona na mkopo wa kikundi ana mali. Andikeni. Dhahabu hasa. Hakuna kinachogombewa kimyakimya na kwa uchungu kama bangili za marehemu mama, na mara nyingi wakwe na mawifi ndio wanaoingia chumbani kwanza.

Taja msimamizi wa mirathi, na wa pili endapo wa kwanza atatangulia au atakataa. Mwulize kwanza kama anakubali. Usichague kwa ukubwa wa umri. Chagua mtu anayejua kutunza risiti, kwa sababu mahakama itamtaka alete orodha ya mali na baadaye hesabu ya alivyogawa. Na mumwelewe: kutajwa kwenye wosia hakumpi ruhusa ya kuuza hata kiti, mpaka mahakama imthibitishe. Msimamizi si mrithi mkuu. Ana mzigo tu. Kama una watoto wadogo, taja atakayewalea, na sema ada italipwa na nini, kwa mfano kodi ya vyumba viwili vya uani, mpaka wa mwisho amalize shule.

Kuhusu mazishi, andika ukipenda, ila waambie watu kwa mdomo pia, maana wosia mara nyingi hufunguliwa baada ya kuzika. Wenye umri wangu mnakumbuka Nairobi, wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, mjane na ukoo wakashitakiana juu ya mahali pa kumzika, mwili ukakaa mochwari mpaka Mei 1987. Mtu aliyejua sheria kuliko sisi wote humu.

Ukitaka kumnyima mtu urithi, kwa mila lazima utaje jina lake na sababu, na sababu zenyewe zimehesabiwa, kama kukudhuru au kukutelekeza ukiwa mgonjwa bila sababu ya maana. Na apewe nafasi ya kujitetea. Usiandike kwa hasira ya wiki moja.

Ukimaliza, andika kwamba unafuta wosia wowote wa nyuma. Hifadhi RITA, ule wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, au kwa wakili, benki, kanisani au msikitini, na waambie watu wawili ulipo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi nitakuwa hapa hapa na karatasi na kalamu za wino. Njoo na kitambulisho cha taifa, nakala ya hati au karatasi ya mauziano, na majina ya majirani zako wa pande nne. Wale mtakaofuata mila, njooni na wake zenu, na ndugu mmoja wa ukoo asiyerithi. Na yule mama wa kitabu cha hisa, nakuomba uwe wa kwanza kwenye foleni, tuanze na ile nyumba.